Kabambe Iliyozungumza kwa Sauti ya Debra

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nami hapa, ndugu msomaji, sogea nikupe kwa ufupi, maana mambo yenyewe hayana subira na mimi pia sina.

Mimi ni Seif, mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu, na kazi yangu ni kuhamisha app kutoka simu za aina moja kwenda simu za aina nyingine. Kuna app iitwayo Kibaraza, mali ya kampuni moja ya Nairobi. Kila mwenye simu janja anayo. Humo watu wamefungua makundi ya ukoo, ya kanisa na ya chama, na wanapiga soga kutwa. Wenye simu za kubonyeza, hizi tunazoziita kabambe, walikuwa nje wakichungulia. Mimi na Debra, mwenzangu wa kazi na mchumba wangu, tukapewa kazi ya kuwaingiza ndani.

Kioo cha kabambe ni kidogo na macho ya wazee yamechoka, kwa hiyo tukaamua simu isome ujumbe kwa sauti. Sauti tuliyotumia ni ya Debra. Alijifungia ndani ya kabati la nguo ili kelele za mtaa zisiingie, akasoma maneno ya Kiswahili na Kijaluo hadi koo likamkauka. Mashine ikajifunza kuzungumza kama yeye, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kuanza kusema.

Wiki iliyopita simulizi letu liliishia Usenge, kando ya ziwa, nyumbani kwa mama yake Debra. Mama Dorca alikuwa ameapa kwamba binti yake hataolewa na Mwislamu akiwa yeye angali anapumua. Nikamwekea Kibaraza kwenye kabambe yake, nikamwambia, "Mama, hii haidanganyi, inasoma kilichoandikwa tu." Sydney, kaka yake Debra, aliyelifungua kundi la ukoo, akamwingiza mama yake siku hiyo hiyo. Mama akasikia salamu za wajukuu walio mbali kwa sauti ya binti yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha akanivutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi yangu husema usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Mimi nilirudi Kisumu nimeshaikata, nimeishona na nimeipiga pasi.

Haya, sasa sikiliza yaliyofuata.

Asubuhi tulikuwa katika chumba chetu cha kazi, juu ya duka la vyuma karibu na soko la Kibuye. Debra alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Simu yake ikatetemeka, akasoma, akaweka kikombe mahali pasipo na meza.

Nikaichukua simu mkononi mwake. Ujumbe ulikuwa kwenye kundi la ukoo, umeandikwa na Valarie, binamu yao anayeishi Kombewa: "Ndugu zangu, Sydney ametutoka. Pikipiki yake imegongwa na lori hapa Kombewa. Mama asiambiwe kwanza, tunapanga watu wa kwenda kukaa naye."

Debra alikuwa amekaa sakafuni, kwenye chai. Alilitaja jina la kaka yake kwa sauti ndogo, akalitaja tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina watu.

Hapo nilipaswa kumlilia Sydney. Alikuwa mtu wangu. Ndiye aliyenitetea kwa Mama wakati hata Debra alikuwa amekata tamaa. Nakiri mbele yenu kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani ni simu ya Mama.

"Debra," nikasema. "Mama yumo kwenye kundi."

Akaniangalia kana kwamba nimesema upuuzi. "Mama ana kabambe."

"Ndiyo. Tumemwingiza."

Nielewe vizuri hapa, msomaji. Miaka yote kundi la ukoo lilikuwa chumba cha vijana. Waliokuwa na simu janja walipanga mambo yao humo, ya harusi, ya ugonjwa, ya msiba, na wazee wakaletewa habari zikiwa zimeiva. Hakuna aliyehitaji kunong'ona kwa sababu Mama hakuwahi kuwemo. Sisi tulifungua mlango tukamketisha ndani, na Valarie wa watu, akiwa na kilio kooni, hakukumbuka kutazama nani amekaa pale.

Na hapo bado hujaona kitu. Kulikuwa na jambo jingine, na hilo nililitenda peke yangu.

Mtandao wa kule ufukweni ni wa kubahatisha. Ujumbe hurundikana, kisha simu ikipata mawimbi huanza kuingia mmoja mmoja. Nikajiuliza upi utangulie. Sisi kwetu mtu akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa, na kabla jua halijatua yuko kaburini. Bibi yangu alikosa kumzika ndugu yake kwa sababu habari ilichelewa njiani, na mpaka leo ukilitaja jina hilo anaondoka mezani. Kwa hiyo nikaipa Kibaraza amri: ukiona neno la kifo popote katika ujumbe, uupitishe mbele ya foleni, piga kengele, na usome kwa sauti bila kungoja mtu abonyeze. Nikaichagua kengele mwenyewe, ndogo na ya upole. Amri hiyo nikaitia ndani ya kila kabambe ili hata mtandao ukilegea isikose kufanya kazi.

Sikumwambia Debra. Niliona ni jambo dogo la ubinadamu, nikasema nitamwonyesha baadaye anisifu.

Sasa ilibidi nimwambie, naye yuko pale sakafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Inajisomea yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa sauti yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza taratibu, kama mwalimu aliyechoka, jinsi mama anavyoambiwa kwao. Kwanza anaambiwa mtoto ni mgonjwa kidogo. Kisha wanawake wanaanza kuja, mmoja analeta kuni, mwingine anasingizia anapita tu. Nyumba ikishajaa, akiwa na mtu huku na mtu kule wa kumshika, ndipo mzee mmoja analisema lile neno. Kwao watu hulitangulia neno. Mimi nilikuwa nimelifungulia neno litangulie watu.

Nikarukia kompyuta. Kando ya jina la Mama kulikuwa na duara tupu, maana yake ujumbe haujafika. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kutafuta njia ya kuukamata kabla haujaingia.

Kuufuta haikuwezekana. Ujumbe ukishaingia foleni ya kabambe hauna mlango wa kurudi, na aliyeijenga foleni hiyo ni mimi. Kumtoa Mama kwenye kundi kungeufutilia mbali, lakini mwenye uwezo wa kumtoa mtu ni yule aliyelifungua kundi. Huyo ni Sydney. Nikapigia Nairobi kwa wenye app, kijana wa zamu akaniambia wakubwa wako mkutanoni, nijaribu tena baada ya chakula.

Debra alikuwa ameshasimama. Alijipangusa uso kwa kiganja, akakohoa kidogo kulainisha sauti, akampigia Akello, jirani anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya mama yake. Akaweka spika nisikie.

Alimwamkua, akamuuliza hali ya soko, hata akacheka. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Kisha akamuuliza simu ya Mama iko wapi. Akello akasema iko kwa kinyozi, inachajiwa. Debra akamwambia Seif amegundua ina hitilafu, aende aichukue, atoe betri, akae nayo.

"Si niende tu sahi," Akello akasema. Tukamsikia akitembea, akisalimiana na watu, mchanga ukilia chini ya malapa. Tukamsikia kinyozi akiuliza ni ipi.

"Debra, hizi zote zinafanana," Akello akasema. "Na mama yako huyu hapa amenifuata, anasema simu ni yake atachukua mwenyewe. Ngoja niwashe nijue ni gani."

"Akello, usiiwashe."

Lakini pale kwa kinyozi simu inatambuliwa kwa kuwashwa. Kila mtu hufanya hivyo, na Akello alikuwa ameshabonyeza. Tukasikia mlio wa kabambe ikiamka. Kisha kengele yangu, ndogo na ya upole.

Halafu Debra akavuta pumzi. Si Debra aliyesimama mbele yangu. Yule wa Usenge, wa ndani ya simu. Akasema kwa utulivu, bila haraka, kila neno mahali pake: "Ndugu zangu, Sydney ametutoka. Pikipiki yake imegongwa na lori hapa Kombewa. Mama asiambiwe kwanza."

Spika ya kabambe ina nguvu. Nadhani hata waliokuwa kwenye mashua walisikia.

Kilio kilichofuata sitakiandika. Nilisikia tu neno moja la Kijaluo, nyathina, mtoto wangu, likirudiwa mpaka Akello akakata simu.

"Hiyo si mimi," Debra akasema. Alikuwa akiiangalia simu yake. "Seif, hiyo si mimi."

Simu ikaita tena. Ni Valarie, analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa hospitali ya Kombewa. Waliomfunika Sydney shuka barabarani walikuwa waendesha pikipiki wenzake, si daktari. Naye Valarie aliandika alichoambiwa na watu kabla hajafika kumwona. Sasa amemwona. Sydney anapumua. Amefungua macho mara moja, akayafunga. Damu imemtoka nyingi na wanataka kumpasua, lakini yuko hai.

Nilicheka kwa sauti, msomaji. Nilidhani mkosi umepita. Debra akampigia Akello akaomba apewe Mama.

"Mama, ni mimi. Sydney hajafa. Valarie alikosea. Yuko hai, Mama, unanisikia?"

Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito tu. Kisha Mama Dorca akasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Hiyo ni mashine."

"Mama, ni mimi Debra."

"Debra yangu hawezi niambia kifo kwa simu. Hii kitu imechukua sauti yake. Imeniambia amekufa, sasa inaniambia hajakufa. Kesho itaniambia nini? Kama wewe ni Debra, kuja usimame hapa nikuone."

Akarudisha simu. Debra akapiga tena, na tena, na kila alipozidi kusema mama yake alizidi kuamini kwamba ni mashine inayojitetea. Hatimaye Akello akatuambia kwa huruma tuache, tunamuumiza.

Kwa hiyo tukaondoka. Binamu yangu Zuhair alinipa gari lake bila kuuliza maswali, alipoona nyuso zetu. Njia ya Usenge inapita Kombewa, na Debra alipanga tumwone Sydney kwa dakika chache, kisha twende pamoja kwa Mama. Mara moja tu alisema, bila kugeuka, kwamba hatamsikia tena mama yake akiitika simu yake kwa furaha. Nikazidisha mwendo, kana kwamba jambo hilo lilikuwa nyuma yetu na tungeweza kuliacha.

Tulimkuta Sydney amefungwa bendeji kichwani na kifuani, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Nikamgusa mkono, ulikuwa na joto. Nikampiga picha kwa haraka. Debra akamwinamia akamwita, naye akakishika kidole chake na hakukiachia.

Daktari akaja, mtu mpole. Wanamwingiza kwenye upasuaji sasa hivi, alisema, na anataka ndugu yake wa tumbo moja awe karibu, kwa sababu huenda uamuzi ukahitajika ghafla. Valarie akatazama chini. Debra akakitazama kidole chake.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Mama anakutaka wewe. Amesema usimame mbele yake."

"Najua alichosema." Kisha akasema yale ambayo bado ninayo mpaka leo. "Wewe ndiye uliyempelekea kifo, Seif. Mpelekee na uhai. Ukishindwa, usinirudie."

Nikaenda.

Usenge nilikuta kiwanja kimejaa. Turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vinaletwa, na omena wa Mama wameachwa kwenye nyavu bila mtu wa kuwageuza. Wanawake walinipisha. Mama Dorca alikuwa amekaa chini mlangoni, miguu imenyooka, kabambe imo ndani ya viganja vyake viwili. Kando yake alisimama Mzee Zadock, shemeji yake, ambaye kwa desturi ndiye angelisema lile neno kama neno lingemngoja.

Nikapiga magoti. "Mama, Sydney yuko hai. Nimemwona. Nimemgusa mkono kabla sijaja hapa."

Akainua macho. "Debra ako wapi?"

"Amebaki na Sydney."

Mwanamke mmoja akapiga ukelele, na wengine wakampokea. Sikuelewa mara moja. Msichana anayebaki na kaka yake siku kama ile anabaki kuulinda mwili. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kwa kweli hiyo nimemzika Sydney mara ya pili.

Nikatoa simu yangu nikamwonyesha Mzee Zadock ile picha. Akaivuta karibu na macho, akaitazama kwa muda. Bendeji, macho yamefumbwa, mdomo umelegea. Akanirudishia kama mtu aliyeonyeshwa maiti.

"Wewe ndio uliniletea hii kitu," Mama akasema. Hakupandisha sauti. "Ukaniambia haidanganyi. Imesema amekufa. Wewe unasema ako hai. Kati yenu nyinyi wawili, nani mwongo?"

"Simu, Mama."

"Basi ulinidanganya siku ile."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kila kitu hapo mbele za watu: kengele, amri niliyoiandika, bibi yangu na ndugu yake, na kwamba Debra hakujua. Nikamwomba anipe ile kabambe niizime. Akakataa. Nikamwomba nimpigie daktari. Akasema ametosheka na sauti za kwenye simu.

"Sauti nataka ni ya Sydney," akasema.

"Wanampasua, Mama. Hawezi kusema sasa."

Aliangalia nyavu zake, kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akavuta kiti. Kilikuwa kile kile cha wiki iliyopita.

"Kaa," akasema. "Tutangoja na wewe. Debra akikuja hapa na Sydney, hata kama anabebwa, wewe ni mtoto yangu na sitaki mtu aniulize unaswali wapi. Akikuja peke yake, usikuwe kwa hii kiti."

Nikakaa. Watu walinizunguka. Nilitamani kusimama, nikakaa. Nilitamani kuondoka mpaka barabarani nirudi, nikakaa. Mzee Zadock aliniletea maji kwenye kikombe, nikakiweka chini. Simu yangu ilikuwa mfukoni, haiiti, na kila nilipoigusa kuitazama Mama alinitazama mimi.

Ndipo kengele ikalia.

Haikutoka mfukoni mwangu. Ilitoka viganjani mwa Mama, ndogo na ya upole, jinsi nilivyoichagua. Wanawake wakageuka. Kiwanja kizima hakikujua mlio ule umeitwa na nini, ila mimi. Kibaraza haijisomei yenyewe isipokuwa imeona neno moja tu, lile la kifo.

Huenda ni Valarie anasahihisha aliyoyaandika asubuhi, maana hata "hajafa" lina neno hilo ndani yake. Huenda ni Debra, na habari ya chumba cha upasuaji.

Nikasimama nikanyoosha mkono. Mama akaikumbatia kabambe kifuani kwake kwa mikono yote miwili, na kutoka pale kifuani sauti ya Debra ikavuta pumzi, jinsi alivyokuwa akiivuta ndani ya lile kabati, ikaanza kusema: "Ndugu zangu, Sydney..."